Ruhusa ya Kusikiliza Waya

Watu hupigania shamba, hupigania mume, hupigania nafasi ya mtoto shuleni. Mimi jambo nililolipigania kuliko yote katika ujana wangu ni ruhusa ya kusikiliza waya. Nikapewa. Kuna siku natamani ningenyimwa, halafu nikifikiri vizuri naona hata ningenyimwa mambo yangeishia palepale, na hapo ndipo hasira inaponipanda upya.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara upande wa Ilemela, karibu kabisa na ziwa. Nyakato, nilikokulia, viwanda vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine, na baba yangu alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Alishinda nyumbani akisikiliza redio, na kila waliposema soko huria alisema kwa sauti kwamba huria ni wao, soko ni sisi. Huku ziwani mambo yalikuwa tofauti. Viwanda vya samaki viliota, malori ya barafu hayakukoma barabarani, ndege za mizigo zilikuja kuchukua minofu, na sisi wenyeji tukabakiziwa mapanki, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki minofu ikishatolewa. Aliyepata kazi kiwandani aliishika kwa mikono miwili na kwa meno pia.

Mimi niliipata kwa sababu nilikuwa nimesoma kompyuta mwaka mzima Dar es Salaam, nikiishi kwa mjomba. Waliniweka kwenye chumba tulichokiita chumba cha kompyuta, ingawa kilikuwa na harufu ya samaki kama vyumba vingine vyote. Tulikuwa wanawake wawili humo. Mwenzangu alikuwa amenizidi umri kwa miaka kama kumi, mjane, mwenyeji wa Majita kule Mara, mama wa watoto watatu. Nilimwita dada, naye aliniita mdogo wangu. Mumewe alikuwa amekufa kwa ugonjwa ule ambao miaka hiyo tuliutaja kwa kunong'ona tu, au hatukuutaja kabisa.

Dada hakuwa na cheti cha kompyuta. Alikuwa mpiga chapa tangu zama za mashine za kupiga chapa, vidole vyake vilikwenda kama mvua ya masika kwenye bati, na kazi yake ilikuwa barua pepe za mauzo. Kila siku, asubuhi na tena kabla ya chakula cha mchana, modemu ilipiga simu, ikapiga kelele zake, ikavuta barua na kuziweka kwenye seva. Dada alifungua sanduku la mauzo kwa kompyuta yake, akachapisha oda, akampelekea meneja. Kompyuta yake tu ndiyo iliyoandaliwa kufungua sanduku hilo. Mimi nilishughulika na mishahara, na mashine zilipogoma niliitwa mimi.

Aliyemtafutia kazi hiyo alikuwa mkuu wa ugavi wa kiwanda, mzee wa makamo, mpole, mwenye kofia ya kufuma. Alikuwa mdogo wa baba mkwe wake, kwa hiyo naye ni baba mkwe vilevile. Baada ya msiba alimchukua mjane na watoto, akawapa vyumba viwili kwenye uwanja wake pale Buzuruga. Wengi walimsifu kwa hilo. Nilimsifu hata mimi.

Sasa lazima niseme habari ya heshima yao, maana bila hiyo haya mengine hayaeleweki. Kwetu Usukumani tunaheshimu wakwe, lakini ukoo wa dada ulikuwa umezidi. Mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe. Hali naye, hamtazami usoni, hapiti mbele yake. Mzee alipotaka kuingia chumbani kwetu alikohoa kwanza nje ya mlango. Dada akisikia kile kikohozi aliacha alichokuwa akifanya, hata kama yuko katikati ya neno, akajitupia kanga kichwani na kutoka kwa mlango wa nyuma unaoelekea kwenye matangi ya barafu. Alisimama huko mpaka mzee amalize shida yake. Mara ya kwanza nilidhani kuna moto.

Shida ya mzee mara nyingi ilikuwa bei. Dada alikuwa na jedwali la bei za masoko kwenye kompyuta yake, na mkuu wa ugavi alikuwa na haki ya kulisoma. Alipenda kuja saa saba mchana, watu wakiwa kwenye chakula. Alivaa miwani, akakaa kwenye kiti cha dada, akagusa vitufe kwa kidole kimoja. Kampuni iliwahi kuwapeleka wakuu wa idara mafunzo ya wiki moja ya kompyuta, na tulikuwa tukicheka kwamba yeye alirudi na begi tu. Mimi nilikuwa nikimwamkia, "Shikamoo baba," naye akiitikia, "Marahaba mwanangu, kale kwanza," na mimi nikaenda kula.

Nilishamwambia dada jambo hilo halifai. Nilimwambia, "Dada, ukitoka unaacha sanduku la mauzo wazi. Funga kwanza ndipo utoke. Ni kubonyeza mara moja tu."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo. "Baba amekohoa, anakuja, halafu mimi nimfungie mlango usoni?"

"Si mlango. Ni kompyuta."

"Atakapokuta imefungwa ataelewa nini? Kwamba mkamwana wake anamwona mwizi." Akarudi kwenye kazi yake. "Wewe hujaolewa, mdogo wangu. Ukiolewa utajua."

Sikuendelea. Sikumdhania mzee lolote, nilikuwa nasema tu kama tulivyofundishwa darasani, na darasani hakuna aliyewahi kutufundisha habari za wakwe.

Halafu barua zikaanza kupotea. Hazikuwa barua za minofu, ila za mabondo, kile kifuko cha hewa kilicho tumboni mwa sangara ambacho wanunuzi wa Mashariki ya Mbali hukitafuta kwa udi na uvumba. Mabondo yalikuwa kitu kidogo chenye bei kubwa, na mjini walikuwa wamejitokeza walanguzi wa mabondo kila kona. Mnunuzi mmoja wa Hong Kong alipiga simu akiwa amekasirika: ameandika oda, hakujibiwa, ameandika tena, hakujibiwa, mwishowe akanunua kwa mtu mwingine hapahapa Mwanza aliyemwandikia mwenyewe akijua anataka kiasi gani. Baada ya muda likatokea tena, kwa mnunuzi mwingine. Walijuaje hao wengine?

Meneja wetu alikuwa mtu aliyeletwa kutoka Dar es Salaam, msafi, mwenye haraka, asiyependa harufu ya samaki ingawa ndiyo iliyomlisha. Alimwita dada, akamuuliza barua ziko wapi. Dada alisema hajaziona. Akamuuliza tena mbele ya watu. Dada akasema vilevile. Meneja akasema kwamba mwanamke mwenye mshahara mdogo, anayesomesha watoto watatu, ambaye ndiye peke yake anayefungua sanduku, yeye meneja asieleweke vibaya, lakini hesabu ni rahisi. Akampa muda hadi mwisho wa mwezi barua ziache kupotea au aondoke.

Dada hakulia. Alirudi chumbani, akakaa, akasema, "Huyu wa kwanza yuko darasa la saba. Nikifukuzwa sasa, hata akifaulu hatakwenda sekondari." Miaka hiyo kila kitu cha shule kilikuwa cha kuchangia. Aliandika neno akalikosea, akalifuta, akalikosea tena, kwa vidole ambavyo sikuwahi kuviona vikikosea.

Mimi nina hasira za karibu, wanaonijua wanajua. Niliamini kabisa barua zile hazikuwa zinafika. Modemu yetu ilikuwa mbovu, laini ya simu ilijaa mikwaruzo mvua ikinyesha, na niliona wazi kwamba barua zilikuwa zikifia njiani na mjane anabebeshwa maiti. Na nilijua namna ya kuthibitisha. Kompyuta zetu zote zilifungwa kwenye waya mmoja mweusi uliozunguka ofisi kama kamba ya kuanikia nguo. Kila kilichopita kwenye waya huo kilipita kikiwa kimekatwa vipande vidogo, ndivyo vinavyoitwa pakiti, na kwenye seva kulikuwa na programu inayoweza kuzinasa pakiti zote na kukuonyesha nini kimetoka wapi kwenda wapi, na saa ngapi. Ningesikiliza siku kadhaa tu, ningeonyesha kwamba hakuna oda ya mabondo iliyowahi kupita, na dada angekuwa huru.

Lakini programu ile haikumtii kila mtu. Kwenye seva za aina yetu kuna mtumiaji mmoja mwenye mamlaka yote, anaitwa ruti. Ruti hufungua kila faili, hufuta chochote, haulizwi. Sisi wengine wote tuko chini yake, na kunasa pakiti ilikuwa kazi ya ruti peke yake. Neno la siri la ruti alikuwa nalo fundi aliyetuwekea ule mtandao, kijana wa Dar es Salaam aliyekuja Mwanza mara moja moja kwa ndege, akanywa soda, akarudi.

Nilimpigia simu. Nikamweleza.

"Ruti sikupi, dada," alisema.

"Sitaki ruti. Nimesoma kwenye kitabu cha seva. Unaweza kuunda kundi la watumiaji, ukaliruhusu kundi hilo lisome ile sehemu ya kadi ya mtandao zinakopita pakiti. Kusoma tu. Nisiweze kubadili kitu."

Nadhani hakutarajia nijue. "Inawezekana," akasema. "Lakini unajua unachoomba? Ukisikiliza waya unasikia wote. Maneno ya siri yanapita wazi humo. Barua za meneja zinapita wazi. Mtu wa mishahara hapaswi kusikia hayo."

"Na mtu wa barua anapaswa kufukuzwa kwa sababu ya modemu yako?"

Alikata simu. Alikuwa na hoja, nakubali leo. Siku ile nilimwona mshenzi.

Nikaenda kwa meneja mwenyewe. Nilimweleza mara ya kwanza, akasema ataangalia. Nikarudi. Akasema kampuni haiwezi kuanza kupekua wafanyakazi wake kwa ajili ya mtu mmoja. Nikarudi tena, nikamwambia kwamba kama anamfukuza mtu kwa hesabu, basi aipige hesabu yote, asiishie katikati. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katibu muhtasari wake alikuwa mlangoni akanikonyeza ninyamaze. Meneja akachukua simu na kumwambia fundi aje.

Fundi alipokuja hakunisemesha. Alikaa mbele ya seva, akaunda kundi, akaliandikisha jina langu peke yake, akabadili ruhusa ya ile sehemu ya kadi kutoka kwa ruti tu kuwa ruti na kundi. Chai yake haikupata hata kupoa. Akanigeuzia kibodi, nikaandika amri nikiwa mimi, kwa jina langu mwenyewe, na kioo kikaanza kujaa mistari. Kila mstari ulikuwa pakiti inayopita. Nilijisikia mtu. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo, nilijisikia mtu.

Kiwanda kizima kilijua siku ileile. Wakata minofu waliniita mama sikio. Kwenye foleni ya chakula mtu aliniuliza kama nasikia pia wanavyogombana na wake zao, na nilicheka nao. Dada alinishika mkono chini ya meza, akasema, "Mungu akulipe, mdogo wangu."

Siku za mwanzo hapakuwa na kitu. Oda za minofu zilipita, dada akachapisha, mambo yalikwenda sawa. Kisha siku moja, baada ya chakula, nilikuwa nikipitia nilichonasa nikaiona. Barua kutoka kwa yule wa Hong Kong ilikuwa imefika vizuri kabisa pamoja na zile za kabla ya mchana. Modemu haikuwa na kosa. Barua ilikaa kwenye seva kama mgeni anayesubiri kukaribishwa, halafu, wakati watu wakila, ikafunguliwa, na mara baada ya kufunguliwa ikapita amri ya kuifuta. Amri ilitoka kwenye kompyuta ya dada, kwa jina la dada, kwa neno la siri la dada.

Nililitazama lile jina lake mpaka herufi zikaanza kucheza. Kwa dakika chache niliamini. Ndiyo, niliamini dada yangu ni mwizi, kwa sababu waya ulisema. Kisha nikaangalia saa iliyoandikwa kwenye mstari. Saa saba mchana. Nikakumbuka kofia ya kufuma, na "kale kwanza, mwanangu." Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema cha kufanya kikiwa ni nguo yenyewe.

Nilimwonyesha dada. Alisoma, hakuuliza maana yake. Niliona usoni mwake kwamba alikuwa ameelewa, na nadhani hakuelewa siku hiyo, alikuwa ameelewa zamani.

"Nitasema kwa meneja," nikasema.

"Usiseme."

"Watakufukuza wewe."

"Futa hiyo."

"Dada, siwezi kufuta. Nimepewa ruhusa ya kusoma tu, yanayonaswa yanahifadhiwa na ruti." Ilikuwa kweli. Fundi alipanga hivyo makusudi, na mimi ndiye niliyesema kusoma kunanitosha.

Hatukupata kumaliza mazungumzo. Meneja alikuwa na mazoea ya kupita kila alasiri kuuliza, "Waya unasemaje?" Alipita. Akasoma juu ya bega langu, maana mistari ilikuwa bado kwenye kioo, na hakuhitaji mkalimani kulisoma jina la mtu. Nilisimama papo hapo nikamwambia saa saba dada hayumo chumbani, saa saba huwa anakaa mkuu wa ugavi. Dada alikuwa ameinamisha kichwa. Meneja akasema kesho asubuhi wote ofisini kwake.

Asubuhi ile nilikuwa na matumaini, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote nikikumbuka. Niliingia nikamkuta mzee ameshakaa kwenye kiti cha wageni, kofia magotini. Dada alikuja mpaka mlangoni akasimama nje. Meneja akamwita aingie. Hakuingia. Akamwita kwa ukali. Akaingia ubavu ubavu, kanga imeshuka hadi kwenye nyusi, akaenda kujibanza nyuma ya kabati la mafaili, uso ukutani.

Kwa mtu wa kwao ile ilikuwa heshima kuu kuliko zote, mwanamke kuingia chumba alimo mkwewe kwa sababu tu ameamriwa na mwajiri, na bado akajitahidi asimvunjie adabu. Meneja aliona kitu kingine. "Mtu asiye na kosa huwaangalia watu machoni," alisema. "Huyu anaficha uso."

Nilimweleza ile ni mila. Nilieleza vibaya, kwa kelele, nikichanganya kiti na kikohozi na kanga na neno la siri, na nilisikia mwenyewe jinsi inavyosikika kijinga. Meneja alikuwa na karatasi ya mistari yangu mezani. Akaipiga kidole. "Hii umeitaka wewe. Umenisumbua mwezi mzima nikupe hii. Hapa imeandikwa jina la nani?"

"La dada. Lakini waya haujui nani amekaa kwenye kiti."

"Basi tumuulize anayejua." Akaligeukia kabati. "Mama, mkuu wa ugavi huwa anatumia kompyuta yako ukiwa haupo?"

Nje wanaume walikuwa wakimimina barafu kwenye lori.

"Baba hajawahi kukaa kwenye kiti changu," dada akauambia ukuta.

Nikamwita kwa nguvu, "Dada." Hakugeuka. Akarudia maneno yaleyale, taratibu, kama mtoto anayejibu katekisimu.

Hapo mzee akasimama. Sauti yake ilikuwa ya upole uleule. "Meneja, huyu ni mke wa mwanangu marehemu. Nilimleta mimi hapa. Kama amekosea, aibu ni yangu kwanza. Nakuomba usimpeleke polisi. Ana watoto, na watoto ni wa kwangu." Lile neno la mwisho hakulikazia. Alilisema kama mtu anayetaja siku ya wiki. Lakini nilimwona dada nyuma ya kabati akishusha mabega, nikaelewa lilikuwa linamfikia nani.

Meneja aliguswa. Alisema kwa heshima ya mzee hakutakuwa na polisi. Dada aliondoka kabla ya mchana, na mzee ndiye aliyemtafutia gari la kumpeleka nyumbani na virago vyake.

Nilimfuata Buzuruga Jumapili yake. Nilitaka kumgombeza, na nikamgombeza kweli, hapohapo kwenye baraza la vyumba viwili. Aliniacha nimalize.

"Ningesema ndiyo," akasema, "leo ningelala wapi? Nyumba yao. Watoto wao. Ningeondoka na nguo zangu, na yule wa darasa la saba angebaki hapa akiniita mwanamke aliyemfunga babu." Akaniletea chai. "Wewe umenitafutia haki, mdogo wangu. Nakushukuru. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kulala tu."

Kazini nilikalishwa kwenye kiti chake na kupewa sanduku la mauzo. Ruhusa ya kusikiliza sikunyang'anywa, iliongezwa. Meneja alitaka sasa nisikilize kila mtu, nimletee taarifa kila Ijumaa. Mimi nilikuwa na hamu moja tu. Nilijua mzee atarudi, nikaapa nitamnasa. Siku aliyokohoa mlangoni saa saba mchana niliinuka kabla hajaingia, nikaacha sanduku wazi kama dada alivyokuwa akiliacha, nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Niliporudi alikuwa amesimama palepale mlangoni. Hakuwa ameingia hata hatua.

"Kaa tu, mwanangu," alisema. "Bei nitaisoma kwenye karatasi. Hizi mashine zenu siku hizi zina masikio."

Hakuikaribia tena kompyuta ile. Kwa nini aikaribie? Kiwanda kizima kilijua nimepewa ruhusa, na yeye alikuwa hodari wa kungoja. Nilijaribu tena mara nyingi, nikajifanya mgonjwa, nikajifanya mzembe, nikaacha chumba kitupu mchana mzima. Oda za mabondo zilifika zote, moja baada ya nyingine, salama salimini. Meneja alifurahi. Siku moja alinisimamisha uwanjani mbele ya wakata minofu, akanishika bega. "Unaona? Tangu yule mama ameondoka, haijapotea hata barua moja. Na wewe ulikuwa unamtetea."

Kila barua iliyofika ilikuwa shahidi dhidi ya dada, na mimi ndiye niliyekuwa nikizifungua, nikizichapisha, nikizipeleka.

Yule mtoto wa darasa la saba alifaulu. Hakwenda. Dada alianza kukaanga mapanki kando ya stendi ya Buzuruga, na mzee ndiye aliyempatia njia ya kuyapata kiwandani kwa bei ya chini, jambo ambalo watu walilisifu pia. Nilikuwa nikipita pale kila nikitoka kazini. Mwanzoni nilikuwa naona haya kumwambia habari za ofisini, lakini habari za Mwanza hazina mlango, alikwishazisikia kwa wengine.

"Nasikia barua hazipotei tena," aliniambia jioni moja, akigeuza mapanki kwenye karai.

"Hazipotei."

"Hata moja?"

"Hata moja, dada."

Alitikisa kichwa taratibu, akakung'uta mafuta kwenye kijiko. "Basi hata mimi ningekuwa meneja, ningejua mwizi nilikuwa mimi." Alilisema bila uchungu, kama mtu aliyepiga hesabu ikakubali, kisha akageuka kumhudumia mteja aliyekuwa nyuma yangu.